Maduara ya udongo ya Mama Skola

Ni saa sita mchana, jua limekaa utosini, na Anisia anawasha koroboi.

Anaiwasha kwa uangalifu, kwa sababu mafuta ya taa hapa Kharumwa hayaji kila wiki, na yakija watu hupanga chupa foleni ndefu kuliko ya kuungama kabla ya Pasaka. Ndiyo maana kila anayepita nyuma ya ua wake lazima aseme neno.

"Mwadila, Mama Skola. Leo giza limekuwahi?" anauliza kijana mmoja mwenye sululu begani.

"Mwadila. Giza ni lako wewe unayeshuka," anamjibu bila kuinua kichwa. "Mimi nalitazama tu."

Kwa koroboi hiyo anawasha utambi mdogo uliosimama ndani ya kizibo cha soda. Kisha anakiingiza kizibo ubavuni mwa kitu ambacho mgeni angedhani ni chungu kilichoharibika. Kina shingo ndefu, tumbo hakina, na chini kabisa kimetoa mkono mmoja kwenda kando. Ubavu mmoja umezibwa kwa kipande cha chimni ya taa iliyovunjika, ili jicho lione ndani.

Anaziba tundu kwa udongo mbichi, anachutama, anachukua ungo na kuanza kupepea juu ya ile shingo, polepole, kama mwanamke anayepeta mchele asioutaka uishe. Nyuma ya kioo moto unalala, unasimama, unalala tena.

"Umeanza kuuliza," anasema.

Anisia ni mfinyanzi. Kitu kilicho mbele yake ni duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, lililofupishwa hadi likatosha uani. Mle ndani anajaribu jambo ambalo wanaume wa hapa walizoea kulijaribu kwa miili yao: moto utafanya nini chini kule, hewa ikiwa haba na upepo wa juu ukiwa hauna adabu.

Hajawahi kuliona duara la kweli hata moja.

Alizaliwa upande wa Ushirombo, akasoma hadi darasa la nne kwa masista, kisha akakaa chini ya mama yake kujifunza udongo. Mwaka 1979 alimfuata mumewe, Kamili, kwenye machimbo haya ambayo kila mtu anayajua isipokuwa anayeulizwa. Kamili alikuja kutafuta dhahabu. Anisia alikuja na majembe mawili, watoto wawili na kokoto la kung'arishia vyungu.

Miaka minane baadaye, kokoto ndilo lililolisha nyumba mara nyingi zaidi. Chungu kikubwa cha pombe hubadilishwa kwa debe la mahindi, au kwa kilo ya sukari pale sukari inapokumbuka njia ya Kharumwa. Dhahabu ya Kamili huja kwa msimu, na huondoka kabla msimu haujaisha.

Kwa desturi ya machimbo, mwanamke hasogei mdomoni mwa duara. Inasemekana akifika, dhahabu hukimbia. Wanawake huishia kwenye ua wa minyaa, mwendo mfupi kutoka kwenye mashimo. Wanaacha chakula pale, wanaita, wanageuza.

"Dhahabu inamwogopa mwanamke," anasema Anisia, "lakini pesa ya dhahabu haituogopi. Hiyo inakuja yenyewe hadi jikoni, inakaa, inavua viatu."

Asingeanza kazi hii kama si kaka yake, Valerian.

Wachimbaji wakikutana na mwamba mgumu huuchoma. Hushusha magogo hadi chini, huyawasha, huyaacha yawake, kisha humwagia maji mwamba ule wa moto ukapasuka. Ni njia rahisi kwa mtu asiye na baruti. Ubaya wake ni kwamba moto ule hula hewa ya shimo kwanza, na kinachobaki hakina jina zuri.

Asubuhi inayofuata hushusha koroboi kwa kamba. Ikizimika, hawashuki. Ikiwaka, wanashuka.

Siku ya Valerian koroboi iliwaka vizuri kabisa. Alishuka, akafika chini, akaita kwamba kichwa kinamgonga, kisha hakuita tena. Walimvuta juu akiwa amelegea kama gunia la pamba. Alipona, lakini miguu haikurudi yote. Sasa anauza tumbaku ya kusokota kwenye baraza ya dada yake na kutoa maoni ambayo hajaombwa.

"Mimi ni koroboi yenye mafuta ila utambi umelowa," hujieleza kwa wageni.

Wenzake walisema ni mkosi. Wengine wakatafuta ni mwanamke gani alipita karibu na duara siku ile. Anisia alikuwa akiwasikiliza huku mikono ikiwa kwenye udongo.

"Nilijiuliza, taa iliwaka, na mtu akaanguka. Basi taa inajisemea yenyewe. Inasema mimi naweza kukaa hapa. Haikusemei wewe."

Mfinyanzi anajua habari za moto unaobanwa. Akitaka chungu chekundu, huuachia moto upepo. Akitaka cheusi, huufunika kwa nyasi mbichi na samadi hadi ukose pumzi, na moshi uingie kwenye udongo. Anajua kwamba moto uliobanwa hauzimiki mara moja. Hutangatanga kwanza. Huacha kuni na kutafuta hewa mahali pengine.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kwenda kuuona moto wa duarani, aliamua duara lije nyumbani.

Alimhoji mumewe. Shingo ina kina gani? Mkono umegeukia wapi? Kamili alimpimia kwa kamba, pima kwa pima, na Anisia akafupisha kila pima iwe upana wa kiganja. Alifinyanga, akaanika, akachoma, akaweka kioo.

"Nilidhani anatengeneza bomba la kuvutia bangi," anasema Kamili, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. "Nikanyamaza. Mke akinyamaziwa humaliza haraka."

Hakumaliza. Alikaa na moto ule siku baada ya siku, akaupa maneno. Moto uliosimama wima, anasema umekaa. Unaporukaruka, unacheza. Unapoinama na kurefuka kuelekea mdomoni mwa shimo, kama mtu anayetafuta njia kwa wenyeji, unauliza. Na ukiinuka kabisa juu ya utambi, rangi ikageuka ya buluu, ukaelea peke yake kidogo kabla ya kupotea, basi unaaga.

Kisha, akiifikiria ajali ya Valerian, aliongeza kitu cha pili: kipande cha samadi kavu kinachofuka moshi, kikae badala ya magogo. Huangalia moshi unakwenda wapi. Kwenye kona, pale shingo inapokutana na mkono, moshi mara nyingi hautoki. Hujikunja na kurudi ndani, ukazunguka palepale hata kama moto wa kizibo bado umekaa kwa raha zake.

"Pale ndipo kaka yangu alipoachia miguu," anasema.

"Si yote," Valerian anajibu toka barazani. "Mmoja bado unanidai."

Si kila mara Anisia ameona sawa. Mwaka juzi aliwaambia watu wa Donatus, waliokuwa na duara upande wa kusini, wasishuke, kwani moto uliaga kila alipoujaribu. Walisubiri, wakachoka, wakahama. Wengine wakashuka kwenye shimo hilohilo na kutoka wakiwa wazima na wenye furaha.

Kosa lilikuwa la udongo. Alikuwa hajakichoma vya kutosha kile chungu. Kilikuwa bado na unyevu, na mvuke wake ndio ulioubana moto.

"Nilikuwa na haraka. Walikuwa wananisimamia kichwani," anasema. "Donatus hadi leo akiniona sokoni ananiuliza kama nyanya ziko salama kuliwa."

Tangu hapo hajaribu kitu kabla hajakichoma mara mbili. Lakini jina lilikuwa limeshaharibika, na ndivyo mambo yalivyokuwa mwezi uliopita, Maganga alipofika uani kwake na kofia mkononi na kicheko mdomoni.

Maganga ndiye mwenye duara analofanyia kazi Kamili. Walikuwa wamefika kwenye mkanda mzuri wa mawe yenye dhahabu, mwisho wa mkono wa shimo, na mwamba ulikuwa umegoma. Walitaka kuuchoma. Mvua zilikuwa karibu, na mvua zikianza, shimo hujaa maji na msimu hufa. Kamili ndiye hushuka wa kwanza. Ni heshima yake, na fungu lake huwa kubwa kidogo kwa ajili hiyo.

Anisia alikuwa ameshalifinyanga duara la Maganga, na kila alipolijaribu moto uliaga.

"Shemeji," Maganga alisema, akilizunguka kwa mguu, "hiki ni chungu."

"Na lile lako ni shimo. Vyote udongo, shemeji. Kaa chini."

Alikaa. Akamwashia. Moto ukacheza, ukauliza, ukaaga, mbele ya macho ya mwenye shimo. Maganga akasema upepo wa ungo si upepo wa Mungu. Anisia akamwambia basi auombe huo wa Mungu uje uchutame hapa pamoja naye.

Kisha akatoboa mwisho wa ule mkono na kuchomeka kikonyo cha jani la mpapai, ambacho kwa ndani kina uwazi. Kilisimama badala ya shimo la zamani, lililoachwa na watu wengine, ambalo lilikaribiana sana na duara la Maganga kwa chini. Matundu mawili sasa. Akapepea. Moto ukauliza tu. Moshi ukabaki kwenye kona.

Halafu akasimamisha kipande cha ngozi ya mbuzi kwenye mdomo wa duara, kimejipinda kama kiganja, kikielekea upepo unakotoka. Akapepea tena. Upepo uligonga ngozi, ukashuka kwenye shingo, ukapita kona, ukausukuma moshi wote utoke kwenye kikonyo cha mpapai. Moto ukakaa.

Maganga aliacha kucheka. "Nitoboe hadi shimo la jirani," alisema, "na nisimamishe ngozi ya ng'ombe."

"Na uifunge kwa kamba," Anisia alimwambia. "Iweze kugeuka. Upepo ukigeuka na yenyewe igeuke."

Maganga alikuwa ameshainuka. Inaelekea sentensi hiyo aliisikia kwa mgongo.

Usiku ule Kamili aliogopa vijana wasije wakasema anatawaliwa na chungu. Anisia aliogopa jambo moja tu, na hakulitaja. Alisema, "Ukiona moto umeuliza, panda. Usingoje uage." Kamili akaitikia kwa kukohoa.

Walitoboa hadi shimo la jirani. Kwa ngozi, Maganga alitoa aliyokuwa akilalia, sadaka ambayo huitaja hadi leo. Na hapo ndipo watu wale, wafugaji na wana wa wafugaji, walipofanya kosa ambalo mvuvi, aliyezoea tanga linalogeuzwa kufuata upepo, asingelifanya. Waliisimamisha ngozi kwenye miti na kuikaza kwa vigingi pande zote, kila kigingi kikagongwa hadi kikalia. Hivyo ndivyo walivyofundishwa na baba zao kuanika ngozi. Ilikuwa imekazwa kama ngoma. Ilipendeza. Isingegeuka kwa ajili ya mtu yeyote.

Wakauchoma mwamba. Kesho yake asubuhi upepo ulikuwa wa mashariki, kama siku zote za kiangazi, na moshi uliobaki ulitoka kwenye shimo la jirani kama Anisia alivyosema. Koroboi ilishushwa, ikakaa. Kamili akajifunga kamba kiunoni, akachukua koroboi yake, akashuka.

Anisia alikuwa uani. Kutoka pale anaona kichuguu cha vifusi na moshi juu yake, basi. Alikuwa amewasha utambi kwenye duara lake la udongo, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono. Hapo jivu la jikoni likamwingia jicho.

"Jivu halijawahi kuniingia jicho la kushoto nikiwa nimekaa pale," anasema. "Nikajua upepo umetoka ziwani."

Ulikuwa upepo wa mvua, ule unaokuja ghafla na harufu ya udongo. Alitazama kichuguu. Moshi ulikuwa umeacha shimo la jirani. Sasa ulitoka kwenye mdomo wa duara lenyewe, kwa Maganga, yaani ulikuwa unarudi kwenye mkono wa shimo, ukimwelekea mtu aliyeshuka.

Valerian anasimulia kilichofuata kwa sababu dada yake anakiruka. "Alikimbia na ungo mkononi. Hajui hadi leo kwa nini aliubeba. Mimi nilimwita anisubiri, kana kwamba ningefika."

Alifika kwenye minyaa na akasimama pale wanaposimama wanawake. Hakuvuka. Akafungua mdomo.

"Maganga! Ngozi igeukie ziwani! Upepo umegeuka, geuza ngozi!"

Wachimbaji waligeuka wao kwanza. Mmoja akasema mwanamke anapiga kelele karibu na duara. Maganga akatazama moshi uliokuwa ukimpiga usoni, akatazama ngozi, akaanza kung'oa vigingi. Havikung'oka. Vilikuwa vimegongwa na watu wanaojua kazi yao. Basi akachukua panga na kuikata ngozi yake mwenyewe pembe kwa pembe, wakaishika kwa mikono, watu wanne, wakaielekeza ziwani kama wanaomzuia fahali.

Chini kule, Kamili alikuwa amefika kwenye kona.

"Koroboi yangu ilikuwa imekaa," anasema. "Kisha ikainama kunielekea mimi, ikarefuka. Mtu mwingine angesema inawaka, tuendelee. Mimi nimekaa na mwanamke yule miaka yote hii, nimelishwa maneno yake kama ugali. Nikasema, inauliza. Nikavuta kamba."

Alikuwa amepanda nusu ya shingo, kichwa kikianza kumgonga, aliposikia upepo mpya ukimshukia utosini. Walimtoa akiwa anatembea. Alikaa chini, akatapika, akaomba maji, kisha akauliza ni nani alikuwa akipiga kelele.

"Mkeo," Maganga alimwambia. "Sisi tulikuwa na sauti lakini hatukuwa na neno."

Siku mbili baadaye, ngozi iliyoshonwa ikiwa imefungwa kwa kamba, walishuka tena. Walimaliza mkanda wao kabla mvua haijajaza shimo. Walipata kiasi gani? Kama kawaida ya wachimbaji mbele ya mgeni, walipata kidogo tu. Kidogo hicho kimempa Maganga baiskeli mpya na kimeezeka bati nyumba ya Kamili.

Wazee wa machimbo walikaa wakajadili kama dhahabu ilikimbia kwa sababu ya sauti ile. Ilibidi wakubali kwamba haikukimbia. Mmoja alisema labda ilikuwa imelala.

Sasa watu wa maduara mengine huja uani, wengi wao jioni, wakijifanya wanataka tumbaku kwa Valerian. Humweleza Anisia kina na kona. Humlipa kwa mafuta ya taa, ambayo ni malipo ya busara, kwani ndiyo yanayochomwa. Hata Donatus amekuja. Aliulizia nyanya kwanza.

Anisia hasemi kwamba chungu chake hakikosei. Humwambia kila mmoja ashushe koroboi kama zamani, angoje moshi uishe kama zamani, na aulize kichwa chake kama zamani. Anachoongeza yeye ni kuwaonyesha moshi unapendelea kujificha wapi.

Mvua zikikatika, kutakuwa na kikao cha wenye maduara. Anisia amepeleka ombi moja. Hataki kushuka, wala hataki fungu.

Maganga ameahidi kumsemea. "Watasema dhahabu itakimbia," anaeleza. "Nitawaambia ilishamsikia akipiga kelele na haikwenda popote. Akija kimya itakwenda wapi?"

Uani kwake, moto wa kwenye kizibo umeaga. Anisia anakitoa kizibo, anafuta kioo kwa pindo la khanga, anapima kwa kiganja mahali pa kutoboa tundu jingine.

"Nataka asubuhi moja tu," anasema. "Nisimame mdomoni kabla hawajashuka, nijue upepo unanigusa shavu gani. Haya yote nimeyafinyanga kwa masikio. Linalofuata nataka nilifinyange kwa macho."